Kitanda Usichokilalia: Malezi ya Wauguzi na Haki ya Mgonjwa Mwenye Ulemavu

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei na wajumbe wa Tume ya Haki na Amani, Makere



Nawashukuru kwa kuacha mashamba na shughuli zenu ili tukae pamoja siku ya leo. Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo, kwa kulitazama haraka, laonekana kuwa la walimu wa vyuo peke yao: namna ya kuwalea vijana wanaosomea uuguzi ili wamtazame mgonjwa mwenye ulemavu kuwa mtu kamili, mwenye akili, mwenye aibu, mwenye siri na mwenye haki kama mgonjwa mwingine yeyote.

Katika vyuo vingi duniani hutumika njia iitwayo mafunzo kwa kuigiza. Mwanafunzi mmoja hufungwa kitambaa machoni akaambiwa avuke ukumbi. Mwingine huzibwa masikio kwa pamba akaambiwa afuate maelezo ya daktari. Wa tatu huketishwa katika kiti cha magurudumu akaagizwa aende chooni bila kusimama. Baada ya nusu saa wote hukusanyika na kusimulia walivyojisikia. Je, njia hii yaweza kuubadili moyo wa muuguzi? Na sisi walei wa Makere, tunaokaa mbali na vyuo hivyo, yatuhusu nini?

Nitatoa jibu langu mapema ili mnifuate vizuri. Kuigiza kunafaa, lakini kuna namna ya kuigiza inayojenga na namna inayoacha woga tu. Inayojenga ni ile ambayo mtu mwenye ulemavu mwenyewe ndiye mwalimu, na ambayo hurudiwa mara kwa mara mpaka iwe desturi ya mikono na ulimi. Na kwa kuwa walimu hao ni ndugu zetu walio katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo, kazi hii haiwezi kukamilika bila sisi.

1. KWA NINI NI JAMBO LA HAKI

Tuanze na hesabu. Sensa ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba kati ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na zaidi, asilimia 9.3 walikuwa na ulemavu wa aina fulani. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha asilimia 11.2. Maana yake, katika kila watu tisa, mmoja hivi ana shida ya kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia au kuwasiliana. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2022, lilikadiria kwamba watu bilioni 1.3 duniani wana ulemavu mkubwa, yaani mtu mmoja kati ya sita. Hesabu zinatofautiana kwa sababu vipimo vinatofautiana, lakini fundisho ni moja: hatuzungumzii watu wachache walio pembeni.

Mwaka 2011 Shirika hilo pamoja na Benki ya Dunia walitoa taarifa kubwa kuhusu ulemavu. Ilionyesha kwamba watu wenye ulemavu hukaribia kuwa mara tatu zaidi ya wengine katika kunyimwa matibabu wanayoyahitaji, na ni mara nne zaidi katika kutendewa vibaya na wahudumu wa afya. Itafakarini hesabu hiyo ya pili. Kunyimwa dawa kwaweza kutokana na umaskini wa zahanati. Kutendewa vibaya hutokana na moyo, na moyo hulelewa.

Chukueni mfano wa mama mjamzito ambaye ni kiziwi. Anakwenda kliniki akisindikizwa na mama mkwe wake, kwa kuwa ndiye anayezifahamu ishara zake za nyumbani. Muuguzi anamwuliza mama mkwe: "Anaumwa nini? Amewahi kuharibu mimba? Aliwahi kuugua magonjwa ya zinaa?" Maswali hayo ni halali, na kila mama huulizwa. Lakini mama huyu hawezi kuyajibu kwa ukweli mbele ya mama mkwe. Atanyamaza, au atatikisa kichwa. Muuguzi ataandika "hapana" katika kadi, na tiba itafuata uongo huo. Hakuna aliyemtukana wala kumfukuza, lakini amenyimwa siri yake, na pengine mtoto wake atanyimwa uhai.

Chukueni mfano mwingine wa baba asiyeona anayepewa dawa za aina tatu katika pakiti zinazofanana. Maelezo yote yanatolewa kwa kijana aliyemshika mkono. Jioni kijana amerudi kwake, na baba amebaki na pakiti tatu asizoweza kuzitofautisha. Au fikirini mwenye ulemavu wa akili anayelia kwa maumivu ya tumbo, watu wakasema, "Huyo ndivyo alivyo." Kila ugonjwa alio nao huhesabiwa kuwa ni ulemavu wake tu, hata kidole tumbo kikapasuka.

Mambo haya yana sheria. Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2006, na nchi yetu iliuridhia mwaka 2009. Ibara ya 25 ya Mkataba huo inazitaka serikali zihakikishe kwamba wahudumu wa afya wanawapa watu wenye ulemavu huduma ya ubora uleule wanaopewa wengine, kwa ridhaa yao wenyewe baada ya kuelezwa, na kwamba wahudumu hao wanafundishwa juu ya utu na haki za watu hao. Bunge letu lilitunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010. Kwa hiyo kumfundisha muuguzi jambo hili ni deni. Tunapompa mtu kile anachotudai, tusijisifu kwamba tumetoa sadaka.

Kanisa nalo limesema. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili aliiweka Siku ya Wagonjwa Duniani mwaka 1992, nayo huadhimishwa tarehe 11 Februari tangu mwaka 1993. Hayati Papa Fransisko, katika waraka wake Fratelli Tutti wa mwaka 2020, alifundisha kwamba wengi wenye ulemavu wanaishi kama wakimbizi waliofichika ndani ya jamii zao wenyewe: wapo, lakini hawahesabiwi kuwa ni wa hapo. Sisi wa Makere tunalielewa neno "mkimbizi" kuliko parokia nyingine nyingi. Kambi ya Nyarugusu, jirani yetu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya ndugu waliokimbia vita ya Kongo, na mwaka 2015 ilipokea tena maelfu kutoka Burundi. Tumeona maana ya mtu kuishi mahali ambapo kila jambo lake huamuliwa na mwingine. Basi tujiulize kama katika nyumba zetu hatuna mkimbizi wa namna hiyo, aliyezaliwa humohumo.

2. NENO LA KWANZA ANALOLISEMA MUUGUZI

Huku kwetu Kasulu, pale Kabanga, tunayo hospitali ya Jimbo letu pamoja na chuo cha uuguzi. Papo hapo Kabanga ipo shule ya msingi mchanganyiko, inayowapokea watoto wasioona, viziwi na wenye ualbino. Baada ya mauaji ya watu wenye ualbino yaliyoitikisa nchi yetu katika miaka ya 2007 hadi 2009, watoto wengi wenye ualbino waliletwa hapo ili wapate usalama. Walitenganishwa na mama zao ili wabaki hai. Hiyo ni habari ya aibu katika historia yetu, na ilitokea karibu sana na milango yetu.

Sasa fikirini jambo hili. Mtu wa kwanza kumwona mtoto mwenye ualbino duniani ni mkunga. Kabla ya baba, kabla ya bibi, kabla ya jirani mwenye maneno, mkunga ndiye anayemshika. Kama mkunga atashtuka, akamwita mwenzake kwa sauti ya chini, au akatumia jina la dharau, mama aliyelala pale ataelewa kwamba amezaa balaa. Kama mkunga atamfuta mtoto, atamweka kifuani pa mama na kusema, "Hongera mama, umepata mtoto wa kike, ana afya, ana ualbino, nami nitakueleza namna ya kumlinda na jua na kuyatunza macho yake," basi mama huyo ataondoka na mtoto na elimu pamoja. Maneno hayo huchukua muda wa kuvuta pumzi chache, lakini yaweza kuamua kama baba ataikimbia nyumba au ataibaki.

Maneno ya namna hii hayaji yenyewe katika saa ya mshangao. Ni lazima yawe yamezoezwa kabla. Hapa ndipo kuigiza kunapopata maana yake.

Na tukiwa katika habari ya maneno, tuutazame ulimi wetu. Wazee wetu walisema "kilema" na "kipofu," na maneno hayo yameanza kwa "ki" kama kiti na kijiko. Siku hizi tunahimizwa kusema "mtu mwenye ulemavu," "mtu asiyeona," "mtu mwenye ualbino." Viziwi wenyewe wamelichagua neno "kiziwi" na kuliweka katika jina la chama chao, CHAVITA, yaani Chama cha Viziwi Tanzania. Kanuni ni rahisi: mwite mtu kwa jina lake, na ukihitaji kuutaja ulemavu wake, utaje kama yeye mwenyewe anavyoutaja.

3. KUIGIZA SI JAMBO GENI KATIKA UUGUZI

Mwaka 1911, chuo cha wauguzi cha Hospitali ya Hartford, Marekani, kilipata mwanasesere mkubwa mwenye kimo cha mtu mzima, aliyetengenezwa na Martha Chase. Wanafunzi walimgeuza, walimvisha na kumlaza, ili makosa ya mwanzo yampate mwanasesere badala ya mgonjwa. Mwaka 1963, daktari Howard Barrows wa Los Angeles alianza kumfundisha mtu mzima wa afya aigize dalili za mgonjwa, ili wanafunzi wa udaktari wajaribiwe namna ya kumhoji na kumpima. Njia hizo mbili, ya mwanasesere na ya mtu anayeigiza, zimeenea dunia nzima.

Nchini mwetu upo mfano unaostahili kusomwa na kila mwalimu. Katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu, wakunga walifundishwa mwaka 2010, kwa siku moja, kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Walitumia mwanasesere wa kichanga. Walipopimwa tena kwa mwanasesere, walikuwa wamefanya vizuri zaidi kuliko mwanzo. Lakini watafiti walipotazama yaliyotendeka katika chumba cha kujifungulia chenyewe, waliona kwamba karibu hakuna kilichobadilika. Ujuzi ulibaki darasani.

Hawakukata tamaa. Walimweka mwanasesere palepale kazini, wakafanya mazoezi mafupi ya dakika chache, mara kwa mara. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 katika kila watoto 1,000. Utafiti mwingine uliohusisha hospitali 8 za Tanzania, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba mafunzo hayohayo yalipunguza vifo vya siku ya kwanza kwa asilimia 47.

Nimeeleza habari ya Haydom kwa makusudi. Inatufundisha kwamba siku moja ya semina, yenye vyeti na picha ya pamoja, yaweza kuacha wodi ileile. Kinachookoa ni zoezi dogo linalorudiwa mahali pa kazi. Kama hivyo ndivyo ilivyo kwa kazi ya mikono, je, kwa moyo na ulimi si zaidi?

4. KITAMBAA MACHONI: FAIDA YAKE NA HATARI YAKE

Turudi kwa mwanafunzi aliyefungwa kitambaa. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Walimu wanaotumia njia hii wanafuata hekima hiyo: wanamlaza mwanafunzi katika kitanda cha mwenzake, apate kuumwa kidogo. Nia ni njema, na wako wanaotoka hapo wakiwa na huruma zaidi.

Lakini tuipime kwa makini. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti huko Marekani juu ya wanafunzi walioigiza ulemavu wa aina mbalimbali. Baada ya zoezi, wanafunzi walisema kweli kwamba wana huruma zaidi. Hata hivyo walijiona pia wamechanganyikiwa, wameaibika, hawana uwezo, na wakaogopa zaidi kwamba wao nao waweza kupata ulemavu. Mtazamo wao juu ya kukaa na kushirikiana na watu wenye ulemavu haukuwa bora. Huruma iliongezeka, na woga ukaongezeka pamoja nayo.

Sababu yake si ngumu kuiona. Aliyefungwa kitambaa leo ni mtu anayeona aliyepoteza macho dakika hii. Hajui kutumia fimbo nyeupe, hajui kusikiliza mwangwi wa ukuta, hajui kuhesabu hatua. Anajikwaa, anaogopa, kisha anafungua kitambaa na kusema, "Maskini, maisha yao ni giza tupu." Amejifunza namna upofu wa nusu saa ulivyo. Hajajifunza namna mwalimu asiyeona anavyofundisha darasa, au mama asiyeona anavyopika ugali, kubeba mtoto na kuhesabu fedha zake sokoni bila kupunjwa.

Tena kuna jambo ambalo kitambaa hakiwezi kulionyesha kabisa. Shida kubwa ya mgonjwa asiyeona si giza, kwa maana amekwisha kulizoea. Shida yake ni muuguzi anayemgusa bila kusema, anayemzungumzia mbele yake kana kwamba hayupo, anayempa karatasi atie dole gumba bila kusomewa. Wale kunguni wanaomwuma usiku hawamwumi mwanafunzi aliyelala kitandani mchana, tena akizungukwa na wenzake wanaocheka. Wanafunzi wakitoka katika zoezi wakidhani wamekwisha kuyajua yote, hawatamwuliza mgonjwa tena, na hapo ndipo zoezi linapodhuru.

Kwa hiyo mashauri yangu kwa walimu na wauguzi waliomo kati yetu ni haya. Kiti cha magurudumu kitumike kuipima hospitali badala ya kupima hisia za mwanafunzi. Mwanafunzi akae ndani yake na aulizwe: ni mlango gani umekushinda? Mizani ya kupimia uzito unaifikiaje? Kitanda cha kujifungulia kina kimo gani? Choo je? Arudi na orodha ya vitu vya kurekebisha, akaikabidhi kwa mganga mfawidhi. Zoezi la namna hiyo hufundisha kwamba kilichovunjika ni ngazi ya jengo, wala si mtu.

5. MTU MWENYE ULEMAVU AWE MWALIMU

Njia iliyo bora zaidi ni kumwita mtu mwenye ulemavu aje kufundisha. Aigize kuwa mgonjwa, akiwa na ulemavu wake halisi lakini na ugonjwa wa kuigiza: leo ana homa, kesho ana kikohozi, keshokutwa ni mjamzito anayekuja kliniki. Mwanafunzi amhoji, ampime shinikizo la damu, ampe dawa na maelezo. Kisha mwalimu huyo ampe mwanafunzi masahihisho yake bila kumficha: "Ulizungumza na mwenzangu, hukuzungumza nami. Ulinigusa bega kabla hujajitaja jina. Uliongea huku umeinama, nikashindwa kukusoma midomo. Lakini ulipoifunga pakiti ya pili kwa uzi ili niitambue kwa kidole, hapo ulinisaidia." Katika Chuo Kikuu cha Monash, Australia, watu wenye ulemavu wa akili waliwafundisha wanafunzi wa udaktari namna ya kuwasiliana nao, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba mtazamo wa wanafunzi hao ulikuwa bora baada ya mafunzo.

Angalieni kinachobadilika hapo. Katika maisha ya kila siku muuguzi amesimama na mgonjwa amelala. Muuguzi anajua na mgonjwa haambiwi. Katika zoezi hili mtu mwenye ulemavu ndiye anayejua, na muuguzi ndiye anayeomba kufundishwa. Kijana aliyewahi kusahihishwa na mwalimu kiziwi hatamtazama tena kiziwi kana kwamba ni mzigo.

Bwana wetu alituonyesha njia hiyo. Bartimayo alipomlilia kando ya njia ya Yeriko, watu walimkemea anyamaze. Yesu alisimama, akaagiza aitwe, kisha akamwuliza anataka afanyiwe nini. Kila mtu aliona kwamba yule hakuwa na macho. Yesu pia aliona. Hata hivyo alimwuliza, kwa sababu mtu huulizwa juu ya mambo yake mwenyewe. Swali hilo ndilo somo la kwanza la uuguzi. Na katika Injili hiyohiyo ya Marko twasoma juu ya mtu aliyepooza na rafiki zake wanne. Nyumba ilikuwa imejaa, mlango haukupitika. Hawakumlaumu mgonjwa kwa kupooza kwake, waliitoboa paa. Jengo ndilo lililolazimika kubadilika. Wala hatusomi kwamba Yesu alikasirika kwa sababu ya paa.

Naomba pia tumtendee haki muuguzi. Wapo watakaosema: "Padre, muuguzi mmoja ana wagonjwa wengi, usiku mzima yuko peke yake, muda wa kujifunza ishara ataupata wapi?" Hoja hiyo ni ya kweli. Muuguzi aliyechoka kupita kiasi hukosa subira kwa kila mtu, na anayeumia kwanza ni yule anayehitaji dakika mbili za ziada. Tume ya Haki na Amani isimtwike muuguzi dhambi za mfumo mzima. Tuwaombe wenye mamlaka waongeze watumishi. Lakini yapo mengi yasiyohitaji fedha wala muda: kujitaja jina, kumtazama mgonjwa machoni, kumwuliza yeye kwanza, kueleza kabla ya kugusa. Hayo hayasubiri bajeti.

6. SISI WA MAKERE TUFANYE NINI

Kwanza, kila Jumuiya iwatambue watu wenye ulemavu walio ndani yake, hata wale wanaofichwa vyumba vya ndani. Tusiwaandike ili kuwagawia misaada tu. Tuwaulize wana ujuzi gani, na wametendewaje walipokwenda kutibiwa.

Pili, kati yao wapatikane walio tayari kuwa walimu: wawili au watatu wasioona, wawili viziwi, wanaotumia viti vya magurudumu, na mama mmoja au wawili wenye watoto wenye ualbino. Parokia iwasaidie kuandaa masomo yao, kisha tuzungumze na vyuo vya uuguzi, zahanati na vituo vya afya vya jirani ili wapokewe. Kama ilivyokuwa Haydom, iwe ni mazoezi mafupi yanayorudiwa kila mwezi, hata ndani ya wodi au katika ukumbi wa zahanati wagonjwa wakiwa wameondoka.

Tatu, walimu hao walipwe nauli na posho kama mwalimu mwingine yeyote. Wasitumiwe kama vielelezo vya kushikwashikwa na kutazamwa. Waulizwe kabla ni nini wako tayari kukionyesha na nini hapana, na neno lao liheshimiwe. Ni aibu kuhubiri utu wao huku tukiwafanyisha kazi bure.

Nne, WAWATA waanze na kina mama. Wawepo wanawake wachache katika parokia watakaojifunza Lugha ya Alama ya Tanzania, ili mama kiziwi awe na mtu wa kumsindikiza kliniki ambaye si mama mkwe, wala mume, wala mtoto wake mwenyewe. Msindikizaji huyo aape kutunza siri.

Tano, vijana wetu wanaosoma uuguzi, wanaporudi likizo, watembelee nyumba za ndugu wenye ulemavu. Waende kama wageni wanavyokwenda: wakaribishwe, wale walichopikiwa, wasikilize. Mtu aliyekula ugali wa mama asiyeona hawezi kurudi wodini na kusema kwamba mama huyo hawezi kumlea mtoto.

Sita, tuanze na nyumba yetu wenyewe. Je, kanisa letu lina njia ya mteremko mlangoni, au kuna ngazi tu? Mwenye kutumia magongo aweza kufika kupokea Komunyo? Kiziwi anaungamaje? Tukiwadai wauguzi kile ambacho sisi hatukitendi, watatusikiliza kwa sikio moja.

7. NENO LA MWISHO

Wahenga walisema pia: hujafa hujaumbika. Kwa kawaida msemo huo hutumika kututisha, kwamba leo ni mzima na kesho utakuwa kama yule. Naomba tuutumie vizuri zaidi. Tukijaliwa kuishi miaka mingi, wengi wetu tutaishia na macho hafifu, masikio mazito na miguu isiyotii. Kijana anayelelewa leo katika chuo cha uuguzi ndiye atakayesimama kando ya kitanda chetu. Ataangalia upande gani atakapouliza, "Anaumwa nini?" Jibu la swali hilo linaandaliwa sasa, na mtu mwenye ulemavu aliye katika Jumuiya yako ndiye awezaye kulifundisha, akipewa nafasi.

Mungu awabariki, awabariki wauguzi wetu, na awabariki ndugu zetu waliongoja muda mrefu kuulizwa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika Jumuiya yetu kuna watu wangapi wenye ulemavu? Ni wangapi huhudhuria sala zetu? Wasiohudhuria, wanazuiwa na nini?

2. Waulizeni wenyewe: walipokwenda kutibiwa mara ya mwisho, muuguzi alizungumza na nani? Walielezwa dawa zao kwa namna waliyoelewa?

3. Ni maneno gani tunayoyatumia nyumbani na vilabuni kuwataja watu wenye ulemavu? Wao wenyewe wangependa waitwe nani?

4. Someni Injili ya Marko, sura ya 2, aya ya 1 hadi 12. Katika kijiji chetu, "paa" linalopaswa kutobolewa ni lipi? Nani watakuwa wale rafiki wanne?

5. Chagueni jambo moja kati ya yale sita yaliyotajwa. Nani atalianza, na lini mtatoa taarifa kwa Tume ya parokia?